Jezi Namba Nane na Kilo Mbili za Sukari

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Kocha Abdulmalik wa timu yetu ya raga kapita dukani leo. Kakaa juu ya robota la vitenge, kaanza kunisifia. Nikajua kuna jambo! Kweli — Jumamosi tunacheza na Arusha hapa Mnazi Mmoja, na jezi namba nane, jezi yangu, anampa Awadhi, kijana mpya. Mimi nikae pembeni. Eti thamani yangu kwa klabu ni kubwa zaidi nje ya uwanja.

Imeniuma. Sawa, mbio sina. Hata mke wangu Benedikta husema nikishika mpira wapinzani wanapata muda wa kunywa maji. Lakini kusukuma mstari wa mbele, nani ananishinda? Na mwanangu Joyceline hajawahi kuniona nikianza mechi. Nilimwahidi hii.

Halafu Kocha hana haya. Awadhi hachezi bila ruhusa ya mama yake, na mama hataki hata kusikia neno raga. Nani aende kumwomba? Mimi!

Jumanne, 9 Septemba

Nimempigia Kocha asubuhi, nimemwambia aende mwenyewe. Kasema akienda yeye tutamkosa kijana.

Hapo kasema kweli. Nusu ya timu hii nimeiomba mimi, kwenye sebule za watu. Kocha anajua raga, kubisha hodi hajui. Mtu unaenda na sukari. Unakaa, unakula unachopewa, unauliza hali ya wagonjwa. Habari ya mechi huigusi mpaka mwenyeji akuulize umeleta lipi. Kama mshenga tu. Mzee Anselmi, bosi wa mchezaji wetu Augustino, alikuwa hamruhusu mtu kutoka dukani kwake Jumamosi. Nilienda nikapanga naye maboksi mpaka akaniuliza mwenyewe. Siku hizi anakuja uwanjani na vuvuzela.

Bila mimi Kocha angekuwa anazifundisha nyasi!

Jumatano, 10 Septemba

Naenda kesho. Nilifikiria kwenda kuomba vibaya makusudi. Siwezi. Hata nikijitahidi najua nitaomba vizuri.

Sukari nimeshanunua, kilo mbili.

Joyceline kauliza kama Jumamosi atakaa mbele kabisa. Nimemwambia ndiyo. Sikumwambia kwamba nitakaa naye.

Alhamisi, 11 Septemba

Feri, soko la samaki. Mama yake Awadhi anaitwa Bi Nasreen, mtu wa Lindi, anakaanga samaki kwenye karai kubwa. Shikamoo mama, marahaba, karibu, sukari ikapokelewa. Nikapewa samaki, changu, na ndimu, nikamla mpaka nikafyonza miiba. Tukaongea habari za Lindi, bei ya mafuta, magoti yake yanavyomsumbua. Nikamsaidia kushusha karai aongeze mkaa. Mwishowe kauliza:

"Haya baba, umeleta lipi?"

Nikasema yote. Kwamba mwanawe ana mabega na ana akili, kwamba atavaa jezi yangu, kwamba kwanza anafundishwa kuanguka bila kuumiza shingo. Kageuza samaki wote, mmoja mmoja, ndipo akanitazama.

"Na wewe siku hiyo utakuwa wapi?"

"Pembeni, mama."

"Basi na Awadhi atakuwa pembeni."

Nikaeleza kwamba nafasi ni moja. Kasema hayo mkayamalize wenyewe huko na kocha wenu. Mtoto wake hampi mtu anayekuja kumwomba halafu yeye anakaa pembeni kutazama. Ukiingia, anaingia.

Naapa sikumfundisha kusema vile! Nimetembea kutoka Feri mpaka Posta nacheka. Halafu nikaona aibu kidogo. Halafu nikacheka tena.

Ijumaa, 12 Septemba

Kocha kawaka! Eti nimepanga na mama wa watu. Nikamwambia amuulize mwenyewe. Kasema anaenda sasa hivi. Nikamwambia pitia sukari, basi. Hana muda wa sukari!

Meseji ya Awadhi: Kocha kafika, kaanza na mechi kabla hajakaa. Samaki kakataa, eti ameshiba. Sasa anamchorea mama uwanja kwenye karatasi ya kufungia. Mama anageuza samaki tu.

Nimecheka mpaka mteja kaondoka, kadhani namcheka yeye.

Meseji nyingine: mama kauliza, kwani huyu ndiye aliyemweka Ansbert wa sukari pembeni?

Simu. Kocha mwenyewe, sauti iko chini.

"Ansbert, njoo Feri."

Nikamuuliza habari ya jezi. Nasikia mafuta yanavyochemka kwenye karai.

"Njoo kwanza, bwana."

Nafunga duka. Sukari nyingine ninayo mkononi. Nilishafika mlangoni, nimerudi ndani kuchukua viatu vya raga.