Mti wa Uani na Baba Yake Min-gyu

Yun-ji rafiki yangu, nimejifungia chooni kanisani nikuandikie haya.

Leo si niliwafundisha watoto kwamba dunia ni bustani ya Mungu, sisi ni watunzaji tu? Wameelewa. Wameelewa kupita kiasi.

Tumetoka nje, tukamkuta Mzee Bae, baba yake mchumba wangu Min-gyu, mkwe ambaye mpaka leo hajasema kama ananikubali. Kaleta fundi na msumeno wa moto aukate ule mti wa mginko wa uani. Eti matunda yake yananuka, waumini wanayakanyaga.

Ha-eun, mtoto wa miaka sita, akaukumbatia mti. "Babu, umemwomba ruhusa mwenye bustani?"

Umemwomba ruhusa mwenye bustani! Mbele ya mchungaji!

Mzee akauliza taratibu, "Nani kawafundisha haya?"

Vidole vyote kwangu, Yun-ji. Hata cha mchungaji.

Nikaiona harusi inapeperuka hivi hivi. Mzee akautazama mti, akamtazama mtoto, akamwambia fundi azime msumeno. Kisha akanigeukia.

"Mti unabaki. Matunda utafagia wewe, kila Jumapili."

"Sawa, mzee."

"Mzee wa nini? Niite baba. Ufagio uko nyuma ya jiko."