Baba Mkwe Amenishonea Glovu ya Mkono wa Kulia

Shangazi Scolastica, shikamoo.

Mwanangu Wolfgang ametoka sasa hivi kutia kifaranga ndani ya glovu yangu, akakifunika na kitambaa changu cha kichwa, akanikataza nisiongee eti mtoto analala, na kifaranga chenyewe kimetulia kweli hakilii, nikasema basi kama glovu hii imepata kazi nyumbani acha nikae nikuandikie, maana mimi imenishinda na naomba unisaidie kabla mambo hayajaharibika.

Naishi Bashay huku Mbulu, tunalima vitunguu swaumu na mahindi, shule niliishia darasa la saba, mume wangu Yonas anaendesha trekta mashamba ya ngano upande wa Hanang, anakuja nyumbani mara moja moja. Mwaka jana alifika mwalimu wa michezo kwenye sekondari yetu, Mwalimu Irene, akaleta mchezo unaitwa besiboli, mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga na gongo, wengine wanaudaka, na wasichana hawakutosha akasema hata kina mama waje. Mimi nilikuwa napita tu natoka kufukuza tumbili kwenye mahindi, mpira ukaja miguuni kwangu nikamrudishia, akasimama akaniangalia, akasema rusha tena. Shangazi, kurusha nimefundishwa na tumbili, na tumbili hakupi nafasi ya pili. Siku hizi mimi ndiye mrushaji wa timu, na nisiporusha nasimama ndani, kati ya besi ya pili na ya tatu, vile vituo wanavyokimbilia wapigaji, mahali mpira unakuja chinichini unarukaruka kama sungura, na nikiwa pale nasahau hata vitunguu.

Baba mkwe wangu, Mzee Tluway, hakupenda, alisema mama mzima anakimbizana na gongo kama mchunga ndama, mama mkwe akambembeleza, akakubali. Halafu siku moja akaona kiganja changu kimevimba kwa kudaka mpira mikono mitupu, akapanda darini akashusha ngozi ya maksai wake aliyeitwa Askari, alilima naye miaka mingi na alipokufa alikataa kabisa kuuza ngozi yake. Akaniita, "Mama Wolfgang, lete mkono nikupime." Nikampa wa kulia. Shangazi, ningempa upi? Tangu nizaliwe, mtu mzima sijampa kitu kwa kushoto, hata chumvi. Akauchora juu ya ngozi kwa mkaa, kidole mpaka kidole, bila hata kunigusa, kisha akashona, na imetoka nzuri, mishono midogo imenyooka, ameipaka mafuta ya ng'ombe mpaka mbwa wananifuata njiani.

Sasa shida ni hii, glovu inavaliwa mkono ule usiorusha, mimi narusha kwa kulia kwa hiyo nilitakiwa ya kushoto. Mwalimu Irene alipoiona alicheka, halafu akaacha kucheka. Nimejaribu kuivaa kushoto hivyohivyo, kidole gumba kinaingia kwenye chumba cha kidole cha mwisho. Baba nilimwambia inafaa sana. Kila siku ya mazoezi natoka nyumbani nimeivaa, nikifika kona ya kisima naivua naitia kwenye kikapu, nacheza na ya shule iliyochanika, tunapokezana na mwenzangu Eva, naye Eva ana shida yake, anatumia mkono wa kushoto kwa kila kitu na glovu za shule zote anavaa kinyumenyume.

Juzi mnadani nikaona glovu ya ngozi kwenye mitumba, ya kushoto, kubwa, ndefu. Muuzaji akaniambia, "Chukua hii, dada, inameza mpira, hata tikiti inameza." Nikatia mkono na mpira ukazama mpaka nikautafuta. Pesa ya vitunguu ninayo. Nikampigia Yonas, akasema, "Nunua, mzee mwambie ni ya siku za mvua." Nikamwambia mwambie wewe, ni baba yako, akaanza kusema haloo, haloo, mtandao unakatika.

Kinachoninyima raha ni kwamba mwezi ujao tunakwenda Gitting kucheza na timu ya huko, na baba amesema anakuja, tena amewaambia wazee wenzake wa jumuiya waje waone ngozi ya Askari ikifanya kazi. Nikivaa yake siwezi kurusha. Nikivaa nyingine nimemwaibisha mbele ya wenzake, na ruhusa yangu huenda ikaishia palepale uwanjani. Na mimi kucheza nataka, shangazi, sijawahi kupata kitu ninachokiweza hivi. Niambie, ninunue ile kubwa nimfiche, au niache mchezo, au kuna aina nyingine ya glovu ya mtu anayerusha na kusimama ndani, maana mimi hata kuchagua sijui, nachagua kama sufuria, kwa kugonga. Baba ananiita huko nje, anasema niilete glovu aiongezee mafuta, na kifaranga kimeshaichafua huko ndani, ngoja kwanza niende nikamwambie kwamba

SHANGAZI ANAJIBU

Mama Wolfgang, marahaba. Barua yako imeishia kwenye "nikamwambie kwamba", ukaikunja ukaituma hivyohivyo. Nimecheka, kisha nikakukasirikia kidogo, kwa sababu hapo ulipokatisha ndipo lilipo jibu lako.

Tuanze na ile ya mnadani. Iache. Mimi nilicheza mpira wa pete, ya gongo siyajui, kwa hiyo nimemuuliza Mwalimu Benedict, anayefundisha mchezo wenu. Anasema glovu ndefu ni ya wale wanaosimama mbali kukimbilia mipira ya juu. Wewe wa ndani unataka fupi, na kiganja chake kisiwe na shimo refu, mpira ukiingia mkono wa kulia uukute juujuu na uondoke nao. Muuzaji anakusifia kumeza, kazi yako wewe ni kutema. Na kwa kuwa unarusha pia, pale kati ya gumba na kidole kinachofuata pasukwe pazibe kabisa, pasiwe na matundu kama wavu, mpigaji asije akachungulia vidole vyako vimeushikaje mpira. Ukishaivaa, funga kiganja na ufungue. Ikikushinda kufunga, ngozi ni nene mno. Ikijikunja yenyewe, imechoka hiyo. Ikikubana kidogo siku ya kwanza usiogope, ngozi huachia. Na usigonge tena kitu ambacho hutapikia.

Sasa mzee wako. Unaandika kana kwamba amekosea. Kakosea nini? Alisema lete mkono, ukampa wa kulia, akashona wa kulia. Adabu yako ndiyo iliyoikata ngozi ile. Najua, hata mimi ningempa huohuo. Lakini baada ya hapo ulikuwa na mdomo, ukautumia kusema "inafaa sana", na sasa kila siku ya mazoezi unamdanganya kwenye kona ya kisima, mahali ambapo wanawake wote wa Bashay wanachota maji. Wewe unadhani wao wanaangalia ndoo tu? Unamwogopa mzee kwa heshima, halafu unamwacha apande gari na wazee wenzake mpaka Gitting akaumbuke huko. Heshima ya namna hiyo sijawahi kuisikia. Na huyo Yonas wa glovu za mvua, mwache na trekta lake, hili si lake.

Wiki hii hii, mwambie mama mkwe kwanza. Alishakufungulia mlango mara moja, atakufungulia tena. Kisha mwombeni mzee aje naye uani, umpe glovu yake aivae mwenyewe, umrushie mpira polepole. Ataudaka, maana ameishona vizuri, na mwache afurahi. Halafu mwambie, "Baba, nirudishie." Usiongeze neno. Atautafuta mkono wake wa kulia na kuukuta umo ndani ya ngozi ya Askari. Hapo ndipo umwombe radhi, kwamba wewe ndiye uliyetoa mkono usio wenyewe na ukaficha, na umwombe akushonee nyingine. Maksai mzima haishi kwa glovu moja. Mweleze fupi, mweleze pasukwe pazibe, yeye ni fundi, atakuelewa kuliko mimi. Akinuna siku chache, mvumilie, na usikimbilie mnadani.

Na ile ya kwanza isitupwe. Umeniandikia habari za Eva bila kuona ulichoandika. Binti anayerusha kwa kushoto anadaka kwa kulia. Miezi yote hii anahangaika na za shule, na iliyo yake inazunguka kwenye kikapu chako. Glovu moja mnapokezana, basi mikono yenu inalingana. Futa aliyoyafanya kifaranga, umwombe mzee ruhusa, umpe Eva. Wazee watakaofika Gitting wataiona ngozi ya Askari kwenye mikono miwili, na mzee wako atakuwa na la kuwasimulia njia nzima ya kurudi.

Itakuja siku atashusha tena ngozi na kutafuta mkaa wake, atakuita, atasema, "Mama Wolfgang, lete mkono." Inama kidogo, weka mkono wa kulia chini ya kiwiko kama unavyofanya ukimpa mtu mzima kitu kizito, na umpe wa kushoto.