Usukani Nilikuwa Nao Mimi

Gatara, Kayanza,
Burundi.
Machi 9, 2014

Mpendwa mdogo wangu Miburo,

Nakusalimu sana wewe na shemeji Jakelina huko Lusaka. Mnaendeleaje? Mtoto ameshapona kile kikohozi? Huku mvua inatunyeshea vizuri, maharagwe yameshatoa maua. Shangazi, mama yako, nguvu anazo. Jana alimfokea jirani kwa sababu ya mbuzi mpaka tukamwambia apumue kwanza.

Barua yako ya Krismasi niliipata. Humo tena umeniomba msamaha kwa ajili ya mguu wangu. Miburo, acha. Kaa chini usome hii, na Jakelina akae karibu yako.

Siku ya ajali hukuendesha wewe. Niliendesha mimi.

Najua unachokumbuka. Unakumbuka unapandisha mlima kutoka Bujumbura, halafu Bugarama, ukungu, na wale kina mama wa kabichi wamejaa dirishani. Baada ya hapo huna kitu mpaka hospitali. Mimi ninacho. Wewe ulikuwa unapanga kabichi kiti cha nyuma, mimi nakula mishikaki na kunywa pombe ya ndizi, na chupa ya pili nayo nikaimaliza. Nikakuomba ufunguo. Ukasema, "Kaka, leo kaa tu. Hata hiyo mishikaki unaitia puani." Watu wakacheka. Nikaona aibu, nikakwambia, "Nimekubeba mgongoni mimi, leo unaninyima ufunguo?" Ukanipa. Ulinipa kwa heshima tu.

Unayajua haya magari yetu, usukani uko kulia na barabarani tunapita kulia. Ukiwa nyuma ya lori huoni mbele, macho ni ya yule aliyekaa kushoto. Tukalikuta lori. Ukachungulia, ukaniambia, "Bado, kaka. Bado!" Mimi nikatoka. Yule muuza makaa, Nestori, alikuwa anateremka na baiskeli yake na magunia, nikamgonga.

Kilichofuata sikijui vizuri mpaka leo. Kulikuwa kimya, halafu redio ikaimba. Niliona majani karibu na jicho, nikadhani nimelala shambani. Nikamwita mke wangu afungue mlango. Nikawa natafuta kofia, naona siwezi kutoka nje bila kofia. Kulikuwa na mkono unaning'inia mbele ya uso wangu, nikausukuma, nikidhani ni wangu umekufa ganzi. Ulikuwa wako. Gari limelalia ubavu wa kulia, wewe juu umeshikwa na mkanda, mimi chini, usukani kifuani, mguu umebanwa sijui na nini, kabichi zimenifunika mpaka kidevuni. Nikivuta pumzi, usukani unazidi kuingia. Nikasikia harufu ya petroli. Hapo ndipo akili iliporudi, na nilitamani isirudi.

Watu wakaja wakipiga kelele. Walikutoa wewe kwanza, kwa mlango wa kushoto. Mmoja akasema, "Huyu ndiye dereva!" Kule mlimani wamezoea malori, na dereva wa lori anakaa kushoto. Mwingine akasema, "Mmalizeni basi!" Mwingine tena, "Ummalize mara ngapi? Huoni ameshakufa?" Mimi niko chini ya kabichi nasikia yote. Mama mmoja akachungulia. "Kuna mwingine humu! Baba, wewe ulikuwa abiria?"

Nikasema ndiyo.

Neno moja tu, nimebanwa, naogopa fimbo. Lakini walipokata bati na kunivuta kwa kioo cha nyuma, lile neno liliendelea kunibana. Polisi aliniuliza hospitali, nikamjibu vilevile, na kwa kuwa teksi ilikuwa yako, akaandika dereva ni wewe. Ulipozinduka ukaniuliza, "Kaka, nilifanya nini?" Ukalia, nami nikakushika mkono kana kwamba nakufariji. Ukaacha teksi, ukauza gari, ukaondoka. Kila ukiniomba radhi, najiona niko mle mle garini, petroli inanuka, na mlango siuoni.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa Nestori. Mkono wake mmoja haunyooki, lakini analima. Nikamwambia kila kitu. Akanitazama sana, akasema, "Yule kijana alikuja hapa uani akanipigia goti. Kumbe goti lilikuwa lako?" Hata kiti hakunipa. Kesho Jumatatu nakwenda polisi, na yeye atafuatana nami. Anasema anataka asikie kwa masikio yake, nisije nikageuka tena.

Shangazi nimemwambia leo asubuhi. Hakulia. Alisema, "Toka kwangu." Nilipofika mlangoni akasema, "Hebu rudi. Mwandikie kwanza." Kwa hiyo naandikia hapa mezani kwake. Amekaa mbele yangu, hanisemeshi, anauangalia mkono wangu unavyokwenda. Sasa hivi amesema niandike maneno yake kama yalivyo: "Mwambie mwanangu arudi nyumbani. Hakumkosea mtu."

Msamaha wako siudai, nitaungojea. Ukija na hutaki kunikuta hapa, mtumie mama yako ujumbe, nitahamia kwa wakwe zangu Ngozi kabla hujashuka kwenye basi.

Msalimie sana Jakelina, na mtoto mbebe kwa ajili yangu. Evelina mke wangu anawasalimu. Na yeye amejua leo, bado hajaniwekea chakula. Mungu akutue huo mzigo, maana haukuwa wako hata siku moja.

Ni mimi kaka yako nikupendaye, dereva wa siku ile,
Zakaria Kabura