Sauti Iliyopita Ubaoni Kwangu

Jumatatu, 4 Machi 1991

Zamu ya asubuhi kwenye ubao wa simu, hapa Tanga. Laini mbili za Korogwe zimekufa, ya Dar inakoroma. Mgongo unaniuma. Mto wa kiti nimeomba tangu mwaka jana, nani anajali.

Saa tatu na nusu yule bwana wa Dar kaomba tena dukani kwa Mzee Gulam, muuza vitambaa. Mara ya tatu hii tangu wiki iliyopita. Nikampigia Mzee, nikasema kama ninavyosema siku zote: shikamoo, ni mimi Mwanaidi wa simu, una mtu kutoka Dar. Kanuni ya opereta ni kusikiliza mpaka waanze kuongea, kisha utoke. Sikutoka. Sijui kwa nini. Uongo, najua. Umbeya.

Kumbe ni klabu ya kanda za video. Mzee alijaza fomu ya gazetini mwaka jana kwa ajili ya mkewe, Bi Shirini, ambaye miguu imemkataa na anashinda kitandani. Waliahidi kanda moja kila mwezi kwa posta. Ilikuja moja tu. Sasa bwana huyu anasema mwaka umekwisha na uanachama umejihuisha wenyewe, maana Mzee hakuandika barua ya kukataa. Kwa hiyo alipe mwaka mwingine mzima. Mzee kasema hataki. Bwana kacheka kidogo. Sikukipenda kile kicheko.

Jumatano, 6 Machi

Kapiga tena. Safari hii wanataka ada ya kujitoa. Ala! Ulipe ili usinunue. Mzee kaanza kubisha, kwa hasira kabisa, ndipo yule bwana akasema taratibu: jina lako limeshaingia kwenye orodha, na orodha inakwenda wizarani. Mzee akaacha kubisha. Nilimsikia anavyohema.

Mtu mwingine angecheka. Mzee Gulam hawezi. Ule mwaka wa kuwasaka wahujumu uchumi askari waliingia dukani kwake na orodha mkononi, wakamchukua yeye na majora yake, akakaa ndani miezi minne bila kesi. Alitoka kichwa cheupe chote. Mtaa mzima tulimwona. Ukimtajia orodha umemmaliza. Sijui yule bwana alijua au anawaambia watu wote hivyo hivyo.

Mzee kasema atatuma hela.

Nami nimefyata ulimi. Tumekula kiapo hapa, ya ubaoni hayatoki nje. Mwaka juzi Saumu, opereta mwenzetu, alimnong'oneza shoga yake habari za mumewe alizozisikia kwenye laini. Hakumaliza wiki kazini.

Ijumaa, 8 Machi

Kuna waraka wa kupunguza wafanyakazi unakuja. Msimamizi wetu, Bi Hilda, kasema watakaoanza kuondoka ni wenye doa kwenye faili. Mimi sina doa. Nina mama mgonjwa wa pumu, watoto watatu, na mume aliyekwenda Mombasa kutafuta maisha akapotelea huko huko. Mshahara ni huu mmoja.

Nimekoma. Simu za watu sisikilizi tena.

Jumatatu, 11 Machi

Nimesikiliza.

Mzee alituma. Sasa wanataka nyingine, ya kulifuta jina kwenye orodha. Mzee kaomba apewe muda. Kasema hela iliyobaki ni ya kumpeleka mkewe Moshi akapasuliwe. Sauti yake ilikuwa ndogo, mtu mzima yule, anambembeleza mtu asiyemjua. Bwana kajibu neno moja: Ijumaa.

Nikaingia. Opereta anaruhusiwa kuingia dakika tatu zikiisha, kuuliza kama wanaendelea. Zilikuwa hazijafika hata mbili. Nikasema dakika tatu zimekwisha. Mzee akakata. Yule bwana hakukata.

"Dada," akasema, "saa yako inakwenda mbio."

Nikachomoa waya.

Jumanne, 12 Machi

Leo hakutaka namba yoyote. Alinitaka mimi. Kaniita kwa jina, Mwanaidi wa simu. Yarabi! Mimi mwenyewe nimemtajia, kila ninapomwamsha Mzee kwenye laini yeye yuko upande wa pili anasikia. Kaniuliza mkubwa wangu anajua kwamba nasikiliza wateja? Basi. Akakata, hata sikumjibu.

Sijala. Najua yuko Dar, ubao unaonyesha yuko Dar, lakini kila mwanamume aliyesimama leo kaunta nilimkagua midomo anavyoongea. Nyumbani nimefunga komeo jua bado linawaka. Mama kauliza nimeiba nini.

Alhamisi, 14 Machi

Nilikwenda dukani. Nilijipanga njia nzima: nitamwambia ni matapeli, asitume, na asimwambie mtu kaambiwa na nani. Kesho ndiyo Ijumaa.

Mzee kafurahi kuniona. Kaniletea kiti. Kabla sijafungua mdomo kaanza mwenyewe. Kasema ana mzigo kidogo na watu wa Dar, lakini ataumaliza kesho. "Mwanzo nilidhani wahuni, mwanangu. Lakini nikasema hapana, simu hii nimepewa na Mwanaidi. Mwanaidi hawezi kunipa mhuni."

Nikimwambia sasa, nitasema nini? Kwamba nilijua tangu wiki iliyopita nikaendelea kumuunganisha? Nyuma ya pazia Bi Shirini aliita kuuliza nani kaja. Mzee akajibu, wa simu, yule mwema.

Nikanunua uzi mweupe, nikaondoka. Sina haja na uzi. Najichukia.

Ijumaa, 15 Machi

Saa nne kasorobo. Niliona taa ya Dar nikajua ni yeye kabla sijaigusa. Ningeweza kusema laini mbovu, lakini nimeshamwambia hivyo juzi Jumatano alipomtaka Mzee, na Bi Hilda alikuwa amesimama nyuma ya opereta mwenzangu Asha, viti viwili tu kutoka kwangu. Nikaunganisha.

Mzee kasema hela ipo tayari, anakwenda posta baada ya swala. Kasema hivyo kwa adabu, kama anayejibu polisi.

Nikabonyeza kifungo cha kuongea. Nikasema, Mzee, ni Mwanaidi, usitume, hakuna orodha, hakuna wizara, huyu ni tapeli. Nilisema kwa sauti. Asha aligeuka. Bi Hilda aligeuka.

Kisha yule bwana akasema, "Ahsante, Mwanaidi," polepole, akakata.

Mzee alibaki. Nilidhani atanishukuru.

"Ulikuwemo siku zote?"

Akaweka simu chini.

Jumanne, 19 Machi

Ramadhani imeanza. Malalamiko yamefika kutoka Dar: mteja kaingiliwa mazungumzo yake na opereta wa Tanga, jina fulani. Tapeli analalamika kwa barua, na barua inapokelewa, inagongwa muhuri.

Bi Hilda kaniita ofisini, kafunga mlango. Nimemweleza yote, sikuficha. Kasikiliza mpaka mwisho. Nikamuuliza, na polisi je? Kasema polisi watauliza tulijuaje. Hapo ndipo nilipoelewa nimebanwa wapi. Kusema nilichosikia ni kukiri nilisikiliza.

Kasema angeweza kuniandikia barua ya kufukuzwa, kaniandikia onyo la mwisho. Neno jingine moja kwenye laini ya mteja, naondoka bila kiinua mgongo. Nimesaini. Kasema nimshukuru. Nimemshukuru.

Jumamosi, 23 Machi

Asha kaleta habari kutoka sokoni. Mzee Gulam hakutuma. Duka limefungwa, kampeleka Bi Shirini Moshi, wamekodi gari zima ili alale kiti cha nyuma.

Nimekwenda chooni nikalia. Furaha, nadhani. Na woga pia, maana doa ninalo sasa na waraka bado haujafika.

Jumatano, 3 Aprili

Ubao umetulia asubuhi hii. Watu wamefunga, hawana maneno mengi. Laini ya Dar safi, hata pumzi ya mtu unaipata.

Saa nne ilikuwa sauti ile. Hakuharakisha. Kaniuliza habari za saumu. Nikasema njema. Kasema leo anaomba Pangani, kwa mama mmoja mjane, na namba kanitajia bila kusoma, anaijua kwa kichwa.

Simu za Pangani zinapita kwangu kisha kwa Rehema, opereta wa kule. Nikamwita Rehema. Hakuiunganisha mara moja. Kaniambia jana jioni, zamu yangu ilipokwisha, mwanamume fulani wa Dar alimpigia mama huyo huyo, na mama alikuja mpaka dirishani kwa Rehema analia, anauliza orodha ni orodha gani. Kaniuliza, Mwanaidi, huyu unayenipa ni nani? Wamjua?

Bi Hilda alikuwa mezani kwake anapanga zamu za mwezi. Jina langu niliona kaliandika kwa penseli, ya wenzangu kwa wino.

Nikasema ni mteja tu.

Rehema akasema haya. Nikasikia simu ya yule mama inaita, mara moja, mara mbili, ikapokelewa. Taa ya Korogwe ikawaka, mtu anaomba Mombo. Nikamhudumia.