Chupa ya Karatusi

Lundi, 3 février 2003
Asubuhi ni ile ile. Nimepiga mswaki meno yangu sita. Nimekunywa chai bila sukari. Nimefungua chupa ya Sifa, nimenusa mara moja, nimefunga. Mara moja tu. Mafuta yamebaki vidole viwili.

Sifa ni bibi yangu wa ndoa. Alienda Bambu kuzika dada yake, akasema siku nne. Vita ikakata njia. Huu ni mwezi wa tano, hakuna habari. Mafuta alitengeneza yeye. Majani ya karatusi mu sufuria, kikombe katikati, mufuniko umegeuzwa, maji baridi juu. Yakitoka anayaokota na unyoya wa kuku. Siku nzima, kijiko kimoja. Nilikuwa namuchekelea: mama, weye unapika moshi. Nataka arudi anitukane.

Jeudi, 6 février
Zawadi, bibi ya mutoto wangu, iko na mimba karibu miezi tisa. Mutoto mwenyewe iko Mongbwalu anachimba dhahabu, njia imefungwa kwake pia. Zawadi analia mugongo. Namusikia nyuma ya ukuta. Siwezi kuuliza. Baba mukwe hasemi habari ya tumbo na mukamwana, na yeye hanitazami usoni. Mimi ninayechekesha watu hata ku matanga, mu nyumba yangu niko bubu.

Sifa alikuwa anakanda wenye mimba wote wa hapa Bigo na mafuta haya. Basi nimeweka chupa mbele ya mulango wa Zawadi. Nikakohoa, nikaenda zangu. Kukohoa ndiyo lugha yetu.

Nilinusa mara mbili kwanza. Imeniuma kuiacha.

Vendredi, 7 février
Mimi ni mupumbavu mwenye mvi.

Zawadi hakuuliza kitu, sababu ya heshima. Amejipaka mafuta matupu, bila kuchanganya na kitu, mugongo na tumbo nzima. Asubuhi Mama Josée, jirani yetu, amekuja. Muzee, mukamwana wako anauliza, mafuta yenye kubaki akunywe kijiko kimoja ao mbili? Nilifungua kinywa niseme kimoja. Sijui nani alinifunga ulimi. Nikauliza, sababu gani akunywe? Akasema ngozi inawaka kama pilipili, anatapika, na tumbo linakaza.

Tumeenda ku kituo cha afya. Wanawake mbele, mimi hatua kumi nyuma. Masasi ya bunduki yalilia mbali, tukapita njia ya nyuma ya makaburi. Nimemuomba Mungu. Alishangaa kusikia sauti yangu.

Mama infirmière, muuguzi wa pale, amemupangusa na mafuta ya kupikia, kisha sabuni na maji mengi. Halafu akanigeukia. Muzee, unataka kuua mujukuu wako na harufu nzuri? Nilitafuta neno la kuchekesha. Nikaenda kuchota maji mengine.

Zawadi amelala kule. Wanaangalia tumbo.

Samedi, 8 février
Sikulala. Nilikuwa namukumbuka Sifa na kijiko chake, anahesabu matone, moja, mbili, anaacha. Miaka arobaini nilifikiri anaimba. Sikuuliza hata siku moja.

Saa sita Zawadi amerudi. Tumbo limelegea. Nimepasua karatasi mu kaye hii ninayoandikia, nimeandika yote mama infirmière alisema, na herufi zangu za darasa la tatu:

Usikunywe hata tone. Usipake matupu. Matone mawili mu kijiko kikubwa cha mafuta ya kawaida, ku mugongo tu, tumbo acha. Ngozi ipone kwanza. Ikiwasha tena, nawa, usirudilie. Mwenye mimba ya miezi mitatu ya kwanza asiyaguse kabisa, uambie wenzako. Kila mafuta mageni, uliza kwanza.

Nimepitisha chini ya mulango. Nikakohoa.

Karatasi imerudi jioni. Chini ameandika: Asante baba. Anapiga teke. Chupa iko ku dirisha yako, najua ni ya nani.

Nimesoma mara nne. Moshi uliniingia mu macho, na jiko lilikuwa limezimwa.

Dimanche, 23 février
Mutoto amezaliwa juzi, vendredi. Musichana, kilo tatu, sauti ya muuza samaki. Zawadi amemupa jina Sifa. Hakuniomba ruhusa. Vizuri.

Njia ya Bambu bado imefungwa.

Asubuhi nimefungua chupa. Nimeweka tone moja mu kiganja, nimenusa mpaka jua limefika ku mulango. Halafu Zawadi amelaza mutoto ku mukeka mbele yangu, akakohoa, akaondoka.

Mama infirmière alisema mafuta makali yasikaribie pua ya mutoto muchanga, hata ku mikono ya mwenye kumubeba.

Nimefunga chupa, nimeiweka juu ya kabati. Nimenawa na sabuni. Nimenusa mikono. Sifa mukubwa alikuwa bado mumo. Nimenawa tena, mpaka harufu yote imeenda na maji.

Kisha nimemubeba bibi yangu mudogo.