Sauti ya Muuza Viazi

Shuleni, 9 Machi 1997

Mama yangu,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Umepata mtu wa kukuondolea theluji paani? Mimi mzima, ila mikono imepasuka kwa baridi.

Genta amefika salama. Siku mbili aligoma kula. Ya tatu alimaliza chakula, akalamba bakuli mpaka likagota ukutani. Siku ya kumkabidhi ulijificha nyuma ya mwavuli, lakini nilikuona ukilia. Wenzangu wanasema, "Mizuho, mama yako kamlea huyu vizuri kuliko alivyokulea wewe." Nilicheka, na nikajivuna. Unakumbuka mkurugenzi alikataa mzazi wa mkufunzi kupewa mtoto wa mbwa wa kulea. Nilimwomba mara tatu, na mwishowe nikatia sahihi ya kukudhamini. Tangu Baba afariki nyumba yako ilikuwa kimya mno.

Anayemngoja Genta aje kumwongoza njia ni Bwana Kuwabara wa Kashiwazaki. Haoni, na kazi yake ni kukanda watu viungo. Mbwa wake wa kwanza alikufa miaka minne iliyopita. Tangu hapo hawezi kuwafuata wagonjwa majumbani. Wanaotembea wanamwendea wenyewe, na wa kitandani ndio wamekosa.

Kanuni unaijua: hutamwona Genta mpaka amalize miaka yake ya kazi. Nivumilie.

Mwanao,
Mizuho

Nagaoka, 23 Machi 1997

Mwanangu Mizuho,

Marahaba. Mimi sijambo, magoti ndiyo hayo hayo. Theluji imeanguka yenyewe, nusura inifunike na nguo nilizoanika.

Nyumba ni kubwa ghafla. Jana nilisema "Njoo tukanunue tofu ya supu" nikiwa na kamba mkononi, nikakumbuka. Yule mwenye duka akaniuliza, "Mama, leo umejitembeza mwenyewe?" Mjinga yule.

Nauliza tu, usinikasirikie. Mbwa akishindwa mafunzo, si anarudishwa kwa aliyemlea? Nauliza tu.

Paka mikono mafuta.

Mama yako

Shuleni, 5 Oktoba 1997

Mama yangu,

Shikamoo. Samahani kwa kimya, nimekuwa kazini tangu majira ya joto yaanze. Hujambo lakini?

Nina habari njema. Genta ndiye wa kwanza katika kundi lake. Anasimama kwenye kila ukingo wa barabara, anakwepa matawi yaliyo juu ya kichwa cha mtu, na tukimpitishia paka hageuki. Kuhusu swali lako: ndiyo, anayeshindwa hutolewa kwanza kwa aliyemlea. Lakini huyu hashindwi, Mama.

Bwana Kuwabara anakuja mwezi ujao kukaa naye wiki tatu hapa. Wiki ya nne tutaifanya mjini kwake. Ameshawaarifu wagonjwa wake kwamba Desemba atapiga hodi. Kuna bikizee mmoja amemjibu, "Ukichelewa utanikuta nimeshakauka."

Mwanao,
Mizuho

Nagaoka, 14 Oktoba 1997

Mwanangu,

Marahaba. Hongera kwa kazi. Mimi nipo.

Huko kwenu kwenye vilima, magari ya viazi vitamu vya kuchoma hupita? Na Kashiwazaki je?

Huku yameanza. Mzee Tokuji na pikapu yake, kipaza sauti kinaimba kama kina kwikwi.

Mama yako

Shuleni, 20 Oktoba 1997

Mama,

Shikamoo. Umenichekesha. Hapa hakuna muuza viazi atakayepanda, atauzia nani, miti? Kashiwazaki nadhani wapo, kama kila mahali. Ukitamani nami nile, nitumie kwa posta!

Mwanao,
Mizuho

Shuleni, 30 Novemba 1997

Mama,

Shikamoo.

Jumatano, saa tisa alasiri, mjini Kashiwazaki, Genta alikuwa akimwongoza Bwana Kuwabara kujaribu njia ya kwenda kwa yule bikizee. Mimi nilikuwa nyuma yao hatua kumi, kama tufanyavyo siku za mwisho. Walisimama vizuri kwenye kivuko. Ng'ambo ikapita pikapu ya viazi, ikiimba. Genta aliinua masikio, akageuka kulia, akavuka taa zikiwa nyekundu. Bwana Kuwabara alishikilia mpini wa mkanda kwa imani yote, kama tulivyomfundisha. Gari lilifunga breki. Halikumgusa, lakini alianguka ukingoni na kuvunjika kifundo cha mkono wa kulia.

Mama, huyu ni mkandaji.

Nilipowafikia, Genta alikuwa ameketi nyuma ya pikapu, wima, mdomo wazi, akingoja. Bwana Kuwabara akasema pale chini, "Huyu ana akili kunishinda. Mimi nimesikia kelele, yeye amesikia chakula." Baadaye, hospitalini, aliniuliza, "Nani alimfundisha?"

Nimefungua daftari langu la kila siku. Tarehe 9 Februari mwaka huu nilikuwa kwako. Nimeandika: "Tulikaa kwenye meza ya blanketi, yenye moto chini yake, tukinywa chai. Genta aliinuka ghafla, akaketi mlangoni pa jikoni. Kitambo kidogo baadaye nikamsikia muuza viazi. Mama akasema: ana masikio huyu! Nikafurahi."

Na tarehe 20 Oktoba nimeandika: "Mama ananichekesha na viazi."

Niambie kwamba nimekosea.

Mizuho, mwanao

Shuleni, 21 Desemba 1997

Mama,

Shikamoo. Wiki tatu sina jibu lako. Jirani anasema unakwenda dukani kama kawaida, basi najua huumwi.

Genta ametolewa kwenye kazi. Fomu iko mezani kwangu, ina swali moja: sababu ni tabia ya mbwa, au malezi? Nikiandika tabia, anarudi kwako. Nikiandika malezi, nyumba yako inafutwa kwenye orodha ya walezi na harudi. Na sahihi ya kukudhamini ni yangu.

Niandike nini?

Mwanao,
Mizuho

Nagaoka, 27 Desemba 1997

Mwanangu Mizuho,

Marahaba. Nimeandika barua hii mara nne.

Hujakosea. Mara ya kwanza ilikuwa Novemba ya mwaka jana, Baba yako alipotimiza mwaka tangu afariki. Nilinunua kiazi kwa Mzee Tokuji, nikaweka nusu mbele ya picha yake. Genta akaila. Kurasa zako za kanuni nilikuwa nimezibandika kwenye friji: asionje chakula cha watu hata punje. Nilipaswa kumkemea. Nilicheka, Mizuho. Nilikuwa sijacheka tangu mazishi. Nikampa na nusu yangu.

Ilipofika Januari nilihesabu siku zilizobaki. Hapo ndipo nilipoanza kufanya kusudi. Kila pikapu ilipopita nilifungua mlango wa jikoni. Nilijua mtamjaribu kwa nyama na kwa paka, na kwamba hakuna ambaye angemjaribu kwa wimbo wa viazi. Nilidhani atafeli mapema, shuleni, bila mtu kuumia. Oktoba nilitaka kukwambia. Ulicheka, nikanyamaza.

Wewe nawe uliniletea kiumbe wa kupenda, tarehe ya kumchukua ikiwa mfukoni mwako.

Andika tabia. Mtu ameshaumia, kusema malezi hakutamponya. Mrudishe tu nyumbani. Nani atajua?

Mama yako

Nagaoka, 8 Januari 1998

Mwanangu,

Heri ya mwaka mpya. Hujambo? Nimetwanga keki za wali ulizozipenda, zinakungoja. Nimefua na blanketi la Genta.

Mama yako

Shuleni, 18 Januari 1998

Mama,

Shikamoo.

Nimeandika malezi.

Kabla ya kuipeleka fomu nilikwenda Kashiwazaki, nikamwambia Bwana Kuwabara ni nani aliyemfundisha Genta. Aliniomba nimwekee chai upande wa kushoto, kwa sababu vidole vya kulia bado havifungi. Mbwa mwingine hatapatikana kabla ya miaka miwili. Yule bikizee ameuliza, wakamwambia asimsubiri.

Umeuliza nani atajua. Genta angebaki kwenye vitabu vya shule kama mbwa mwenye tabia mbaya, na ndugu zake waliozaliwa naye wangeshukiwa kwa ajili yake. Yeye alifanya kila ulichomfundisha. Alifanya na kila nilichomfundisha mimi. Sisi ndio tuliomfundisha vitu viwili.

Mkurugenzi amenitoa kwenye mafunzo. Sasa naosha vibanda vya mbwa. Ulipohesabu zile siku zako za Januari, mimi nilikuwa katika hesabu?

Jumamosi ijayo Genta anakwenda kwa familia moja ya mbali. Usiulize wapi.

Mizuho

Nagaoka, 22 Januari 1998

Mizuho,

Marahaba. Hukuwa katika hesabu. Hilo ndilo jibu, na ninaona aibu kuliandika.

Bwana Kuwabara nimemwandikia. Najua atasomewa na mtu mwingine, kwa hiyo sikujitetea.

Sikuombi umrudishe. Nina ombi moja kwa hao wanaomchukua. Wimbo wa viazi ukipita naye akakimbilia mlangoni, wasimkemee wala kumwita mlafi. Siku za mwisho nilikuwa nikifungua mlango sina kiazi, na alikuja vilevile. Anadhani ninamwita.

Mama yako

Shuleni, 25 Januari 1998

Mama,

Shikamoo.

Nimewaambia.

Mizuho