Sahani ya Pilipili

Eufrasia, nimedhalilishwa leo!

Sostenes amekataa pilipili zangu zote. Yule mnunuzi aliyekuja mwenyewe shambani mwaka jana kunibembeleza nilime pilipili! Leo ananicheka mbele za watu: "Mama Loveness, Kahama nzima imelima pilipili, bei imekufa. Wape kuku." Kuku, Eufrasia!

Na shamba ni la mama mkwe, unajua. Ni mimi niliyemwambia aachane na mpunga.

Nimerudi nyumbani na magunia yangu, nikamkuta mama mkwe na wageni. Alipoyaona tu magunia, kaniletea sahani ya pilipili tupu. "Kula, msomi. Mpunga si uliukataa?" Wageni wakacheka.

Nikadhani kamaliza. Akawaita wanangu, akawawekea sahani kama hiyo. Loveness ananiuliza, "Mama, tule?"

Bibi yao akajibu, "Kuleni, ndicho alichowalimia."